Susu si Shūshu

Wiki ya pili ya somo la Kichina, mwalimu alituambia tutaje watu wa familia zetu. Nilisimama nikasema nina mama, dada wawili na susu. Mwalimu akainua nyusi. Kwetu Ukambani susu ni nyanya. Yeye alikuwa amesikia shūshu, yaani ndugu mdogo wa baba, na akanisifu kwa kujua neno ambalo hatujafundishwa. Nikanyamaza. Basi muhula mzima nyanya yangu wa Kitui alikuwa mwanaume.

Nilifika Nairobi kutoka Makueni bila kujua Kichina hata kidogo, isipokuwa majina ya kampuni kwenye mabango. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017 nikiwa sekondari, na inapita kwetu: Mtito Andei, Kibwezi, Emali. Halafu Bwawa la Thwake, kule Makueni inakopakana na Kitui, nalo likaanza kujengwa na kampuni ya Wachina. Mjomba akapiga hesabu yake: kijana anayejua Kichina hatalala njaa. Mimi nilikuwa nasomea biashara. Kichina kilikuwa somo la hiari, nikakichukua vile mtu hununua tiketi ya bahati nasibu.

Kila mtu huogopa maandishi, lakini kilichotutesa mwanzoni ni sauti. Mā ni mama. Má ni katani. Mǎ ni farasi. Mà ni kukemea. Darasa lilikuwa kama zizi. Wenzangu waliokulia mjini na Kiswahili pekee walitoka jasho, mimi nikawa nazipata tu, na sikujua ni kwa nini. Mwalimu akaniuliza nyumbani tunaongea nini. Nikajibu kwa sauti ya chini, “Kikamba.” Ya chini kwa sababu shule ya msingi niliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea Kikamba uwanjani. Akasema ndiyo sababu: Kikamba nacho hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, kama lugha nyingi za Kibantu, ila Kiswahili kiliiacha tabia hiyo. Miaka kumi na tisa nimeishi na kitu hicho mdomoni, na wa kwanza kuniambia akawa mtu wa mbali hivyo.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma kwa kupitia nyumbani. Mkonge, nilikuta kwenye kamusi, ni jiànmá, katani ya upanga. Aliyewahi kuchomwa na jani la mkonge kule Kibwezi hahitaji maelezo zaidi. Hata kuhesabu vitu kulinikumbusha ngeli. Huwezi kutaja idadi na kitu hivi hivi tu, lazima uweke neno katikati, na neno lenyewe hufuata umbo la kitu. Mto, barabara, nyoka, samaki, reli, vyote hivyo ni tiáo, kwa sababu ni virefu na vinajipinda. Nilifikiria uzi, ukamba, unywele na ufagio, na mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha pili aliyetuchapa kwa ajili ya ngeli ya U-ZI bila kusema hata siku moja kwamba vitu vyake vingi ni vyembamba na virefu.

Karo ndiyo haikuwa na ngeli. Mkopo wa serikali ulifika lakini haukutosha. Susu akauza mbuzi watatu nikamaliza mwaka wa kwanza. Ukame wa 2021 na 2022 ukala waliobaki. Mwisho wa mwaka wa pili nilifunga begi. Nilikuwa na yale maneno 150 ya HSK ya kwanza na mengine ya kuokoteza, na hakuna karatasi yoyote ya kuonyesha. Siku hizi naandika makala za kulipwa kwa neno, kwa Kiingereza, kuhusu bima na magodoro ya watu nisiowajua.

Mama anajua niliacha. Wateja wake wa maembe pale Emali huwaambia “anamalizia.” Siku moja Mchina mmoja mwenye kofia ya ujenzi alisimama kwenye meza yake, na mama akanisukuma mbele. “Mwambie bei.” Maembe yalikuwa arobaini fungu. Sìshí. Nikafungua mdomo nikasema shísì, kumi na nne. Jamaa akatabasamu, akamgeukia mama, akamuuliza kwa Kiswahili safi, “Mama, ni kumi na nne ama arobaini?” Mama alicheka kuliko wote. Jioni hakusema kitu. Ila tangu siku hiyo hajasema tena namalizia, na sijui kama nilifurahi.

Desemba nilienda Kitui kumwona susu. Alikuwa chini ya mwembe anasuka kiondo. Nikamsimulia vile alivyokuwa mwanaume muhula mzima, akacheka mpaka nyuzi zikamtoka mkononi. Akataka kujua mkonge unaitwaje. Akasema jiànmá. Halafu mbuzi. Nikamwambia shānyáng, kondoo wa mlimani. Akairudia mara moja tu, na sauti zote mbili zikakaa mahali pake, kitu kilichonichukua mimi mwezi mzima.

Akaokota nyuzi zake, akasuka mistari miwili.

“Sasa wale shānyáng wangu watatu,” akauliza kwa Kikamba, “walifika wapi?”