Msimbu: Mwembe bila nyumba

Mjanja wa Dar, wikiendi umechoka kukaa kijiweni? Shika njia ya Gongo la Mboto, pita Pugu, panda hadi Kisarawe mjini, halafu ulizia usafiri wa Msimbu. Mikorosho na mihogo itakupokea.

Ila ukiwa pande hizi za Uzaramo usiangalie nyumba tu, angalia na miembe. Ukikuta mwembe mnene umesimama porini peke yake, usidhani umejiotea. Mara nyingi hayo ni mahame: palikuwa na mji wa mtu. Wazee waliishi hivyo, kila mmoja na shamba lake, jirani umbali wa kupiga ukelele.

Nani aliwatoa? Wapo watakaokwambia Mjerumani. Wapi! Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo Pugu mwaka 1888. Januari 1889 kikavamiwa wakati wa vita vya Abushiri. Mtindo wao ulikuwa kujenga kituo na kuvuta watu wasogee. Serikali yao nayo mwaka 1895 ikatangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali yake, baadaye ikadai na kodi. Ukoloni ulikuwa mchungu, lakini Mzaramo kwa kawaida alilipa kodi hiyo akiwa bado chini ya mwembe wake.

Waliokuja kuwakusanya ni wenzetu. Mwaka 1967 vijiji vya ujamaa vilikuwa vya hiari. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatoa amri: kufikia mwisho wa 1976, watu wote wa mashambani wawe vijijini. Ndiyo Operesheni Vijiji. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji viwe karibu. Lakini mkorosho haubebwi kwenye lori! Korosho za nchi, zilizofika tani 145,000 msimu wa 1973/74, zikaporomoka, na kuhamishwa kwa wakulima ni sababu mojawapo.

Sasa wewe unayesaka kiwanja cha bei poa, sikia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilihalalisha mgao wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya 1970 na 1977. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mwembe wa babu yake, huenda anasema kweli tupu, na bado ardhi ikawa ya mwingine. Nenda kwanza halmashauri ya kijiji, ndipo utoe pesa.

Na mwembe huo, bwana, usiukate. Kuna mtu alizikwa karibu.