Jinsi Nilivyotengeneza Pedali za Ndege

Likizo iliyopita nilishinda nyumbani nikirusha ndege ambayo haijapata kuondoka mezani. Wasomaji msishangae. Ndege hiyo ni ya mfano tu, imo ndani ya kompyuta, katika programu ya bure iitwayo FlightGear. Nilikuwa na kijiti cha kuiongozea kwa mkono, lakini rubani wa kweli hutumia na miguu. Basi nikamwomba baba, ambaye ni seremala, anisaidie kutengeneza pedali mbili.

Baba aliniuliza, "Pedali hizo zafanya kazi gani, mwanangu?"

Nikajibu upesi, "Ni kama za gari, baba."

Akaweka kando mlango wa mteja, akakata mbao, akafunga bawaba, na kila pedali akaitilia springi yake. Kazi ilikuwa safi, lakini haikufaa kitu. Nilipokwenda kusoma vizuri ndipo nikajua kwamba pedali za ndege zimeungana. Ukisukuma ya kulia, ya kushoto hurudi nyuma, kwa maana zote mbili hugeuza usukani mmoja ulio mkiani, kama ule wa jahazi.

Niliona haya, nikanyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungaliniambia kuwa hujui, tungalitafuta pamoja."

Tukaanza upya. Alitoboa ubao mmoja katikati, akaufunga kwa bolti ili uzunguke, na pedali zikakaa kila ncha. Springi mbili huurudisha katikati. Kwenye bolti nilifunga kile kidude cha kuzungusha kinachoongeza sauti, nilichokitoa katika redio mbovu, kipime mzunguko. Waya zake zilikwenda kwenye kibao kidogo cha elektroniki kilichounganishwa na kompyuta. Hapo nikakosea tena: kidude cha sauti hakiongezeki sawasawa, kwa hiyo mguu mmoja ukawa mkali na wa pili mzito. Ikanilazimu kununua kingine kinachoongezeka sawa toka mwanzo hata mwisho. Halafu tukapigilia pedali juu ya ubao mrefu, na kiti changu nikakiweka juu ya ubao huo huo, zisije zikanikimbia sakafuni.

Jioni ile niliwasha injini ya Cessna 172. Ndege hiyo ina pangaboi moja mbele, nayo inapokimbia ili iruke hupenda kuvuta kushoto. Zamani nilikuwa nikiishia majanini. Sasa nilikanyaga kulia kidogo kidogo, na mstari mweupe ukabaki mbele yangu mpaka magurudumu yakaacha ardhi.

Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akasema, "Sasa nimejua zafanya kazi gani."

Wenzangu, ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui. Jibu langu la upesi lilimpotezea baba mbao na siku nzima ya kazi. Kuuliza si ujinga.

Mwanafunzi wa Kidato cha III