Mke mwenzangu ni Subaru

Katika ndoa nyingi za vijana siku hizi kuna mtu wa tatu, naye ana magurudumu manne. Kwangu mimi ni Subaru Impreza ya mwaka 2003, rangi ya bluu. Iliingia kwa Baba Nasra kabla yangu, ndiyo maana mawifi zangu huniita mke mdogo.

Mapenzi haya hayakuanzia Bagamoyo. Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Mpaka leo kijana ambaye hajawahi kuvuka Namanga akisikia ule mlio barabarani anageuza shingo. Baba Nasra ni mmoja wao. Alinunua lake miaka mitano iliyopita kwa Sh6.5 milioni, mkononi kwa mtu aliyelinunua kwa mtu mwingine. Gari la mbio likishuka bei kiasi hicho, sababu huwa iko chini ya boneti.

Simlaumu aliyelitengeneza. Gari la zaidi ya miaka 20 limeshazeeka mipira, limechoka gasketi, na kati ya Japani na Bagamoyo limepita mikono ambayo hakuna anayejua iliifanyia nini injini. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, kwa hiyo nalielewa hivi: ni kama mgonjwa wa kisukari. Haponi, anatunzwa. Akitunzwa anaishi miaka mingi, akipuuzwa miezi sita utamkuta kalazwa.

Letu lililazwa. Tulikuwa tunatoka harusini Dar, Jumapili jioni, tulipofika Mapinga mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Likachemsha. Fundi wa Bunju alipofungua rejeta akakuta maji ya kutu, hakuna kulanti hata tone, na themostati ilishang'olewa zamani na fundi mwingine. "Shemeji," akaniambia, "hili mlilinywesha maji ya bomba kama mnamwagilia mchicha."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza mambo ambayo chuo hawakunifundisha. Injini ya Subaru imelala. Pistoni mbili zinapiga kulia, mbili kushoto, kwa hiyo ina silinda hedi mbili badala ya moja. Gasketi ikiungua unabadilisha mbili, unapeleka hedi mbili kuskimu, na mara nyingi injini yote inashushwa chini ndipo fundi afanye kazi kwa nafasi. Ndiyo maana kazi ambayo kwa jirani mwenye gari dogo la kawaida ni ya siku moja, kwetu ilichukua siku nne. Na injini ikishashushwa, ni ujinga kuirudisha bila kubadilisha taimingi belti, kwa sababu hujui mwenye gari wa kwanza aliibadilisha lini. Kwa injini ya turbo kama ya WRX, belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine.

Bahari nayo ina hesabu yake. Tunakaa karibu na ufukwe, na chumvi haibishi hodi. Sailensa yetu ilitoboka, bomba za breki zikaanza kushika kutu, boliti ambazo fundi wa Morogoro angezifungua kwa spana sisi zinafunguliwa kwa moto. Fundi anashauri kuosha chini ya gari kwa maji baridi kila wiki. Baba Nasra huosha juu. Lakini oili anapima kila Jumamosi asubuhi bila kukosa, yeye ambaye tangu tuoane hajawahi kukubali nimpime presha.

Sasa nije kwenye lililoniuma.

Usiku mmoja, saa nane, Nasra alishikwa na degedege. Ana miaka miwili. Joto lilikuwa limepanda ghafla. Nilimlaza ubavu kama ninavyowaandikia wasomaji wangu kila msimu wa malaria, mikono ikinitetemeka. Hakuna bodaboda wa kumbeba mtoto wa namna ile. Baba yake akatia ufunguo, gari likaitika mara moja, na ndani ya dakika kumi tulikuwa hospitali. Alikutwa na malaria, akatibiwa, leo anakimbiza kuku wa watu.

Wiki mbili baadaye, nikitafuta karatasi za bima kwenye droo ya dashibodi, nikaliona daftari dogo. Mwandiko wa mume wangu. Rejeta 180,000. Gasketi, kuskimu, belti na ufundi 870,000. Shokapu nne za mtumba kutoka Gerezani, 320,000. Beringi mbili za magurudumu 180,000. Stata 140,000. Nikajumlisha kwa simu: Sh1,690,000 kwa miezi 12, bila petroli wala matairi. Nilizoambiwa mimi hazikufika laki saba. Ile stata niliambiwa ni "elfu thelathini, kusafisha tu".

Milioni moja ile nilijua ilitoka wapi. Ilikuwa ya mabati ya vyumba vyetu viwili Kiromo, ambavyo mpaka leo vinaota majani ndani huku sisi tunalipa kodi.

Nikaangalia tarehe ya stata. Siku tisa kabla ya degedege.

Nilikaa kwenye kiti cha mbele muda mrefu. Ningependa kusema hasira iliisha. Haikuisha. Stata ile ilimfikisha mwanangu hospitali, na stata ile ile ilifichwa kwangu. Yote mawili ni kweli, na moja halifuti jingine. Nilipomuuliza hakukana. Alisema, "Mama Nasra, ningekwambia laki nane ungesema tuuze." Ni kweli ningesema. Lakini hiyo ndiyo kazi ya kuambiana.

Nimeongea na wake wengine tangu hapo. Mmoja wa Dunda aligundua kwa meseji za malipo ya simu, mwingine aliambiwa na fundi mwenyewe, ambaye alikuja kudai mlangoni. Wanaume hawa si walevi, wala hawana nyumba ndogo. Wanaona haya kukiri kwamba kitu wanachokipenda kinawashinda.

Tulikubaliana hivi. Kila mwezi 120,000 inakwenda kwenye akaunti ya gari, na ikiisha imeisha. Kinachotangulia ni kinacholifanya liwake, lipoe na lisimame: betri, kulanti, breki, matairi. Rimu mpya na sailensa ya kelele zitasubiri mabati. Daftari limetoka kwenye droo, linakaa juu ya friji.

Juzi limeanza kugonga ka-ka-ka likikata kona. Fundi anasema ni jointi ya ekseli, mpira wake umepasuka na mchanga umeingia. Nilipoamka asubuhi kufuata maziwa ya Nasra nikakuta imeshaandikwa, mwandiko wa baba yake, kalamu nyekundu: jointi ya kushoto, 95,000. Chini yake ameandika: "Bado sijalipa. Tuongee."