Andalio la Ziara Lianze na Marejeo

Mwanachuo anapojifunza kuandaa ziara ya masomo, aghalabu huanza na mahali pa kwenda: wanafunzi wataona nini, watauliza nini, wataandika taarifa gani. Huo ni utaratibu mzuri, lakini una pengo moja kubwa. Hausemi watoto watarudije makwao. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba marejeo ndiyo yapasayo kuandikwa kwanza, na kwamba yenyewe ni somo kamili.

Natoa mfano wa safari yangu ya likizo. Nililala Tarime, na asubuhi nikapanda baiskeli hadi Sirari, nikavuka mpaka kwa hati ya kusafiria, nikaendelea mpaka mji wa Migori nchini Kenya. Mwendo wote ni kama kilomita 40, na njia ina vilima. Kwa wastani wa kilomita 10 kwa saa, nilihitaji saa 4 za kuendesha. Kurudi kwa baiskeli siku hiyo hiyo kungenifikisha usiku. Kwa hiyo nilipanga kurudi kwa gari, nikaanza hesabu mwishoni: niwe Tarime kabla ya saa 12 jioni, niwe mpakani saa 10, basi niondoke Migori saa 8 na nusu mchana. Baada ya kuyajua hayo ndipo nilipoweza kupanga saa ya kuamka.

Huko Migori makanga wa matatu alitaka nauli mbili, yangu na ya mzigo, kisha akaifunga baiskeli juu ya keria. Upande wetu wa mpaka makanga huitwa kondakta, na fedha ni nyingine ingawa zote huitwa shilingi. Kesho yake niliabiri basi la Mwanza. Niliuliza habari za baiskeli kabla ya kukata tiketi, nikafungua pedali na kugeuza usukani ili ilale vizuri kwenye buti. Tulivuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, tukapita Bunda, Lamadi na Magu. Basi liliishia kituo cha Nyamhongolo, nami makazi yangu yako Butimba, upande wa pili wa jiji. Basi kusimama si msafiri kufika.

Mwalimu aweza kupata mengi katika masimulizi kama haya. Katika Hisabati, wanafunzi wapewe saa ya kufika nyumbani, wakokotoe kurudi nyuma hadi saa ya kuondoka. Katika Jiografia, waulizwe kwa nini mpaka ule ulionyooka huwaacha Wakuria pande zote mbili. Hapo wataelezwa mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1886. Tena waulizwe: je, msafiri angevuka Rusumo kuingia Rwanda? Huko saa iko nyuma ya yetu kwa saa 1, na magari hupita upande wa kulia. Asiyelijua hilo, akitazama ratiba ya mabasi, ataikosea saa, na atalitafuta basi upande usio wake wa barabara.

Lakini kwetu sisi wa pwani ya Ziwa Viktoria, jambo hili si la hesabu tu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugorora kwenda Bwisya katika kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi chake. Walifariki watu zaidi ya 220. Siku ile ilikuwa ya gulio, na wengi walikuwa wakirejea makwao.

Ndugu mwanachuo, jifikirie umesimama gatini jioni na watoto 40. Chombo kimejaa, watoto wana njaa, wazazi wanangoja, na nahodha anakuita. Wakati huo si wa kuanza kufikiri. Mwalimu ambaye hakuandika popote mahali pa kulala, wala hakubakiza fedha ya chakula cha usiku, atashawishika kuwapakia watoto. Aliyeandika atasema bila kuyumba, "Tutangoja," kwa kuwa anajua atawapeleka wapi.

Kwa hiyo, juu kabisa ya andalio la ziara, yaandikwe haya: chombo cha kurudia na saa yake ya mwisho, nauli ya kurudi, iliyotengwa na isiyoguswa, shule au nyumba itakayotupokea tukikwama, na namna ya kuwapasha wazazi habari.

Kwa zoezi, panga ziara ya darasa la V kutoka Butimba hadi Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Mstari wako wa kwanza uwe saa ambayo mtoto wa mwisho atakabidhiwa kwa mzazi wake. Kisha hesabu kurudi nyuma.