Tulivyopanga Safari ya Pikipiki Milimani

Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba hapa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera. Leo nataka kukueleza jinsi familia yangu ilivyopanga safari ya pikipiki kwa njia za milimani. Huenda utacheka na kusema, "Safari ya pikipiki nayo hupangwa? Mtu hupanda, huwasha, huenda." Hata mimi nilisema hivyo zamani. Kusema hivyo kulimvunja mwanangu mguu.

Ilikuwa mwezi wa 4 mwaka 2019, wakati wa masika. Tulialikwa arusini ng'ambo ya mlima. Nilikuwa na pikipiki moja. Nilimpakia mama watoto, binti yangu na kijana wangu. Tulikuwa watu 4 juu ya kiti kimoja. Vijana huita mshikaki. Hakuna aliyevaa kofia ngumu. Tulipofika mtelemkoni, nilitia gia huru ili nisimalize petroli. Udongo wetu unaufahamu, ndugu msomaji. Ukilowa mvua huteleza kama sabuni. Pikipiki ilianza kukimbia. Nilikanyaga breki, breki haikushika. Tulianguka sote mtaroni. Kijana alikuwa na miaka 6 tu. Pikipiki ilimlalia mguu, mfupa ukavunjika chini ya goti, na bomba la moshi likamwunguza.

Majirani walikata miti, wakafunga machela, wakambeba mpaka barabara kubwa. Tulitembea saa 3. Alikuwa akilia, kisha akanyamaza. Kule kunyamaza kulinitisha zaidi. Mguu ulipona, lakini kovu lipo hata leo.

Mwaka huu mama yangu mzazi aliniambia, "Mwanangu, nataka kumwona dada yangu kabla sijafa." Dada yake huyo, ambaye ni mama mkubwa kwangu, anakaa upande wa Mtagata, humu humu wilayani kwetu. Huko iko chemchemi ya maji ya moto yatokayo ardhini yenyewe, bila kuni. Ni maarufu tangu zamani. Mwaka 1876 msafiri mmoja jina lake Stanley alifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, akaenda kuyaona maji hayo na watu waliokuwa wakiyaoga ili wapone. Mama naye anaumwa magoti, na alikuwa na lake moyoni.

Jioni ile nilisema tutakwenda kwa pikipiki, mimi na mdogo wangu, kila mtu na yake. Kijana wangu alisikia. Aliacha chakula, akatoka nje. Hakusema neno.

Mama watoto aliinuka, akaleta daftari na kalamu. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima, na sasa huandika kila kitu, hata kuku anapotaga. Alinitazama, akasema, "Baba watoto, safari hii itakwenda kwanza kwenye daftari. Ikikataa kwenye daftari, hatuendi." Nilimkumbuka marehemu baba yangu. Naye alijifunza kusoma miaka ya 1970, wakati wa kisomo, na hakuuza kahawa bila kuandika kilo zake kwanza.

Jambo la kwanza tuliloandika ni majina ya wasafiri. Tuliona tuko 7. Pikipiki ni 2. Pikipiki moja ni ya dereva na abiria 1. Basi, watu 4 wanakwenda kwa pikipiki na 3 wanabaki. Hesabu hii ni nyepesi kabisa, lakini mwaka 2019 sikuifanya.

Wanaobaki ni nani? Mtoto wa mwisho ana miaka 6. Kanuni za bodaboda hukataza kumpakia mtoto wa chini ya miaka 9. Pikipiki yangu si ya biashara, lakini miguu ya mtoto haijui hilo. Haifiki pa kukanyagia, hunin'ginia karibu na bomba la moto na mnyororo. Naye mama yangu hawezi kukaza magoti mlimani. Kwa hiyo tukaandika: Bibi, mama watoto na mtoto wa mwisho watapanda gari la abiria kwa barabara kubwa. Sisi wengine tutapita milimani, kisha tutawapokea kituoni na kuwafikisha mmoja mmoja, polepole, kwa sababu kutoka kituoni mpaka kwa mama mkubwa gari haliendi. Kijana atakwenda na mimi, binti na baba yake mdogo. Kijana aliambiwa kwamba akitaka gari, nafasi yake ipo. Akajibu atafikiri.

Jambo la pili ni wakati. Tulichagua mwezi wa 7. Masika yamekwisha, na vuli haijaanza. Kiangazi nacho kina taabu yake. Vumbi hufunika mashimo, na changarawe kavu huteleza kama punje za mahindi sakafuni. Lakini changarawe ni afadhali kuliko utelezi wa masika. Tuliandika pia saa ya kuondoka: saa 2 asubuhi. Mdogo wangu alitaka saa 11 alfajiri. Tukamkatalia. Asubuhi za kiangazi ukungu hulala mabondeni kama maziwa kwenye kibuyu, na usipoona mbele hujui kama unakutana na ng'ombe au lori.

Jambo la tatu ni njia yenyewe, na hapa ndipo tulipobishana sana. Kijana mmoja jirani alitushauri njia ya mkato. Alisema, "Piteni ndani ya pori, mtafika upesi." Ndugu msomaji, tafadhali sikiliza. Iliyokuwa Pori la Akiba la Ibanda sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, tangu mwaka 2019. Pori la Rumanyika nalo ni Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, tangu mwaka huo huo. Huingii humo na pikipiki yako kama unavyoingia shambani kwako. Kuna lango, kuna kibali, kuna askari wa hifadhi. Na ukiwaponyoka askari, kuna nyati, ambaye haulizi kibali. Tuliandika: hakuna mkato.

Wiki moja kabla ya safari, mimi na mdogo wangu tuliipita njia nzima bila watoto. Siku hiyo ilitufaa kuliko siku nyingine zote za maandalizi. Nilidhani naijua njia ile, kumbe niliijua kwa miguu. Macho ya mtu atembeaye na macho ya dereva si sawa. Tulikuta mahali 4 pabaya, tukapaandika. Pa kwanza ni daraja la magogo kwenye bonde la mafunjo. Magogo 2 yameoza, na nafasi kati yao inalingana kabisa na gurudumu. Pa pili ni kona yenye mawe, ambapo mbuzi hupenda kulala. Pa tatu ni mtelemko mrefu wenye mfereji uliochimbwa na maji katikati ya njia. Pa nne, ndugu msomaji, ni ule mtelemko wa mwaka 2019. Nilisimama pale, nikautazama ule mtaro. Ni mdogo. Nilikuwa naukumbuka mkubwa kama korongo.

Mbele ya maneno haya 4 mama watoto aliandika neno moja: KUSHUKA. Maana yake abiria wote watashuka na kutembea, na dereva atapita peke yake. Hakuna aibu katika kushuka. Mtu hupoteza dakika 10 tu.

Nataka nikueleze kidogo habari ya mitelemko, kwa sababu vijana wengi hawaijui. Injini ikiwa katika gia ya 1 au ya 2, na hukukamata klachi, yenyewe hulizuia gurudumu lisikimbie. Ni kama ng'ombe anayevutwa mkia. Ukitia gia huru, injini haizuii tena. Uzito wote huangukia breki. Breki zikisuguana muda mrefu hupata moto, zikipata moto hulegea, nawe huna kitu tena mkononi. Petroli unayoiokoa kwa gia huru haijazi hata kijiko cha uji. Tena kwenye changarawe usiibane breki ya mbele kwa ghafla. Gurudumu la mbele likiteleza, umekwisha anguka. Punguza mwendo mapema, ukiwa bado juu, kabla njia haijaanza kuinama.

Fundi alizitazama pikipiki zote mbili. Yangu ilikutwa na waya wa breki uliochakaa, umebaki nyuzi chache tu. Na mimi nilikuwa naipanda kila siku kwenda mnadani! Tulibadilisha waya, tukakaza mnyororo, tukanunua tairi la nyuma. Kofia ngumu zilitushinda fedha. Tulihitaji 4, tulikuwa na 2. Nilitaka kusema 2 zinatosha, madereva wavae. Mama watoto akauliza, "Siku ile nani aliumia, dereva?" Sikujibu. Tuliuza mbuzi.

Mizigo tuliifunga mifupi na mizito chini, pande zote mbili sawasawa. Tulichukua spana, pampu, kiraka na gundi yake, kamba, maji ya kunywa lita 3, vitambaa safi na vijiti 2 vilivyonyooka. Vijiti ni vya kufungia mfupa ukivunjika, usichezecheze njiani. Kuhusu kuungua kwa bomba la moshi, daktari alinifundisha siku ile ile nilipochelewa kujua. Mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Petroli ya akiba hatukubeba kwenye chupa ya soda. Tulijaza tangi. Mkungu wa ndizi ulisafiri kwa gari pamoja na mama yangu. Nilimwambia dada yake ana shamba la migomba kutushinda. Alinitazama kama mtu asiye na malezi.

Mwisho tuliacha habari nyumbani. Jirani alipewa karatasi yenye njia yetu, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Tukisharudi au tukifika, tungempigia simu. Tukipita saa 10 jioni bila habari, yeye aanze kuuliza, na ikibidi awapigie polisi kwa namba 112. Milimani kuna mahali ambapo simu haishiki kabisa.

Usiku wa kuamkia safari kijana alikuja karibu yangu. Akauliza, "Baba, pale mahali pa nne, ni lazima nipande?" Nikamfungulia daftari, nikamwambia asome mwenyewe. Akasoma neno KUSHUKA. Alilisoma mara 2. Kisha akaenda kulala.

Asubuhi alivaa kofia yake kabla hata ya kunywa chai.

Safari yenyewe sina mengi ya kusema. Tulikwenda polepole mpaka watoto wa kuchunga mbuzi wakatupita kwa mkato wao. Juu ya mlima tulisimama, tukaona mabonde yote ya kwetu na ukungu ukipanda. Binti alionyesha bati za Nkwenda zinang'aa mbali. Pale pa nne kijana alishuka, akatembea. Alisimama kando ya ule mtaro, akautazama kama nilivyoutazama mimi. Kisha akatupa jiwe ndani yake, akaja akapanda.

Tulifika saa 6 na dakika 20. Gari la akina mama lilikuwa halijafika. Nilimpigia jirani simu.

Siku ya pili tuliwapeleka wazee wawili Mtagata, kila mmoja kwa pikipiki yake, mwendo wa mtu anayetembea. Walikaa kandoni, wakalowesha magoti, wakateta habari za watu waliokwisha kufa zamani. Kama maji yale huponya magoti au hapana, daktari ndiye aulizwe. Mama yangu alirudi akichechemea vile vile, lakini alicheka njia nzima.

Nyumbani mama watoto alifungua daftari, akahesabu vitu kimoja kimoja. Spana zipo, kamba ipo, kofia 4 zipo. Pampu haipo. Tuliisahau kwa mama mkubwa. Amefungua ukurasa mpya na kuandika juu yake: safari ya pili, kuchukua pampu. Chini yake pana majina ya wasafiri. La kwanza ni la kijana, na mwandiko ni wake.