Wakili Ndiye Anajua

Dalali alikuja Jumanne, mama akiwa soko la Karatina na viazi vyake. Akaorodhesha ng'ombe wawili, TV na makochi, akaniachia karatasi: tulipe kwa siku 7, la sivyo anarudi na lori. Nilimpigia mama nikicheka, nikidhani wamekosea boma. Ile kesi ya reti za ploti si ilikuwa na wakili? Tena wakili wa tai, mwenye ofisi Nyeri mjini.

Ploti yenyewe iko kwa mji mdogo hapa chini ya mlima, sitautaja. Mama aliinunua ikiwa imekatwa kutoka shamba kubwa, akapata hatimiliki yake, lakini bili ikaendelea kuja kwa nambari ya zamani, ya shamba zima, riba juu. Yaani alidaiwa hadi reti za majirani. Alipokataa kulipa, akashtakiwa. Mtu yeyote angemweleza hakimu hayo kwa dakika kumi.

Wakili aliitisha elfu 40 za kuanzia. Pesa zilizokuwepo zilikuwa za semesta yangu, nikiwa mwaka wa pili. Tukakubaliana nikae nje semesta moja tu. Sikurudi. Na nisimsingizie wakili kila kitu: nilikuwa nimeanza kupata vijikazi vya kuandika mtandaoni, na lecture zilikuwa zimenichosha.

Kila nikiuliza kesi imefika wapi, mama alisema, "Baba, wakili ndiye anajua." Nami nikanyamaza, mimi msomi wa nyumba. Simu ya wakili ikishikwa, ni karani: yuko kortini.

Kesho yake baada ya dalali nilienda mahakamani Nyeri, nikalipa ada, nikapewa faili. Nilitarajia kitu kinene. Kulikuwa na madai, samansi, kiapo cha aliyetuletea samansi, na hukumu. Jina la wakili wetu halikuwa popote. Hakujiandikisha, hakupeleka utetezi. Na ukishapewa samansi usipojitokeza kwa muda uliowekwa, anayekudai anaomba hukumu na anaipata bila wewe kusikizwa. Nilisimama pale kaunta nikihesabu karatasi 9 tena na tena, kana kwamba ya 10 ingetokea.

Wakili wa pili, dada mmoja mpole, alituombea hukumu ifutwe. Alitegemea kesi ya Chemwolo na Kubende ya 1986, ambapo Jaji Apaloo, yule Mghana aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wetu, alisema watu hukosea, na kosa pekee lisimnyime mtu nafasi ya kusikizwa. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Kisha wakili wa upande ule akasimama: kesi ni ya mwenye kesi, si ya wakili. Kwa miezi 14 huyu mama alifuatilia mara ngapi?

Mara mbili. Mama aliangalia viatu vyake. Mimi nilijua jibu langu, ni sufuri, na hakuna aliyeniuliza.

Hakimu alifuta hukumu, lakini kwa masharti: tulipe gharama za upande ule na tuweke kortini sehemu ya deni kabla ya kesi kusikizwa upya. Ng'ombe mmoja akauzwa. Nimepeleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, Nairobi, ambayo haitozi kitu. Ikiona kuna kosa la nidhamu, inaweza kumpeleka mbele ya jopo la nidhamu. Ng'ombe hawezi kurudishwa huko.

Siku hizi mama anaijua nambari ya kesi kwa kichwa kama ya kitambulisho. Faili anabeba mwenyewe, ndani ya karatasi ya supamaketi, na akimwona karani anauliza tarehe kabla ya salamu. Juzi tukirudi na matatu, tukiwa tumepita King'ong'o, aliniuliza, "Ile semesta yako ilikuwa pesa ngapi kamili?"

Nikamtajia elfu 12. Akaguna, akaangalia dirishani.