Nafasi ya Kukosea



Waingereza wana usemi wao, "margin of error", nasi shuleni tuliusikia kwa Kifaransa, "marge d'erreur". Kwa Kiswahili tuseme: nafasi ya kukosea. Mara nyingi twautumia kana kwamba ni sadaka tunayompa mkosaji: "Tumwachie nafasi ya kukosea, bado ni kijana." Lakini katika elimu ya vipimo maana yake ni nyingine.

Nilipokuwa nikisomea ualimu nilifundishwa hivi: ukipima meza kwa rula yenye alama za milimita, usitaje urefu peke yake. Ongeza kwamba huenda umekosea kwa nusu milimita, kuzidi au kupungua. Kosa hilo si la meza. Ni la mpimaji, la jicho lake na rula yake.

Somo hilo nililifundisha miaka mingi kabla ya kulielewa. Siku moja mchango wa kikundi chetu ulipungua. Kijana mmoja ndiye aliyetunza mfuko. Nilihesabu mara moja tu, nikamwita mbele ya wenzake, nikamvua kazi. Alisema neno moja: "Mwalimu, tuhesabu tena." Nilikataa. Baada ya majuma mawili nilizikuta noti zile katikati ya kurasa za daftari langu la mahudhurio, nilikoziweka kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikwenda kwao kuomba msamaha. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akanisamehe. Lakini kikundini hakurudi tena.

Katika Injili ya Matayo, sura ya 13, mwenye shamba anawazuia watumishi wake kung'oa magugu, wasije wakang'oa na ngano pamoja nayo. Hayatetei magugu. Anajua tu kwamba macho ya watumishi yaweza kukosea.

Basi fedha zihesabiwe na ukweli utafutwe. Asiyetunza mali ya wote aulizwe. Lakini kabla ya kumhukumu mwenzako, weka kwanza nafasi ya kosa lako wewe unayehukumu. Je, umemsikiliza? Je, umetazama mfukoni mwako?

Yule kijana hakuniomba huruma. Aliniomba tuhesabu tena, na kazi hiyo ingetuchukua dakika tano.